Vitambaa vya Baba

Jumapili, 3 Februari

Mdogo wangu Kibonge,

Utashangaa kupata barua na simu ninayo. Simu ninayo, lakini nyumba hii unaijua: ukuta wa chumba cha Baba na sebule ni mmoja, na haufiki juu. Kiharusi kimemchukua mkono, mguu na nusu ya mdomo, ila masikio kimemwachia yote mawili. Nikikohoa jikoni ananiuliza nimeanza kuumwa lini. Sasa haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema kwa sauti naye yuko upande wa pili.

Ni habari ya nepi. Tangu alipotoka hospitali mwaka juzi tunamvalisha zile za watu wazima, tatu au nne kwa siku. Nilidhani atagoma. Unamjua, mtu aliyekuwa dobi miaka arobaini, shati lake mwenyewe hakuna aliyeruhusiwa kulipiga pasi. Siku ya kwanza aliniuliza, "Zinatupwa?" Nikamwambia zinatupwa. "Hakuna wa kufua?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi nivalishe." Mambo yakaisha hapo.

Kumbe yangu ndiyo yalikuwa yanaanza. Lori la taka halijapita mtaani kwetu tangu Novemba. Mwanzoni nilizichoma nyuma ya nyumba. Inaungua ile ngozi ya nje, ndani linabaki donge limelowa, linafuka moshi mweusi mpaka jioni. Mama Cherehani, yule jirani yetu fundi, alikuja kuniambia kwa adabu kwamba gauni la bibi harusi limenuka moshi na mteja amelikataa. Nikaanza kuzifukia. Uwanja wenyewe ukubwa wa mkeka, ukajaa. Mvua ya juzi ikazirudisha juu, zimevimba kama mito ya kulalia.

Wiki iliyopita mbwa walichukua moja wakaiburuta mpaka getini kwa shule. Ndiyo, shuleni kwangu, ninakofagia. Watoto walikuwa wanaipiga mateke. Mwalimu mkuu akauliza ni mshenzi gani huyu anayetupa vitu kama hivi njiani. Nikasema sijui, nikaenda kuiokota. Nilimwokota Baba mbele ya watoto mia tatu, nikasema sijui.

Jana nimezitupa korongoni, mfuko mzima. Nimelala vibaya.

Wewe unafanya kazi huko zinakoishia. Niambie watu wengine wanafanyaje. Msalimie wifi, na umbusu mtoto.

Dada yako

*

Ijumaa, 15 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kibandani, katikati ya malori mawili, nikasahau kuandika uzito wa la pili.

Kazi yangu unaijua nusu. Nilikwambia mimi ni karani wa mizani kwenye dampo la manispaa, na ni kweli. Lori linapanda kwenye mizani, naandika, linapanda mlima linamwaga, linarudi tupu, naandika tena. Nusu nyingine sikuwahi kukuambia, kwa sababu simu si mahali pake hata kwangu.

Huu ni mlima kweli, dada. Siku hizi upande wa magharibi ni nepi zaidi ya kitu kingine chochote. Za watoto, za wagonjwa, za wazee. Sifa ya nepi ni kwamba haivuji. Inashika maji na haiyaachi. Sasa fikiria maelfu kwa maelfu yameshika maji, halafu mvua inanyesha juu yake.

Kulikuwa na mama mmoja hapa tukimwita Bi Chupa, anaokota chupa. Alinizidi umri kama wewe unavyonizidi. Kila asubuhi akipita kibandani ananiuliza, "Karani, leo nina kilo ngapi?" Anapanda mwenyewe kwenye mizani ya malori, mizani haitikisiki hata kidogo, tunacheka. Tarehe kumi na tisa Januari upande wa magharibi ulimeguka ukamfunika. Tulichimba kwa mikono, kwa sababu katapila lingemkata. Tulimpata siku ya pili. Injinia ameandika kwamba ni mvua na mteremko, na sina elimu ya kumbishia. Lakini mimi ndiye niliyezichimba. Najua nilikuwa natoa nini kwa mikono yangu, moja baada ya nyingine, nzito kama mtoto.

Tangu siku ile sizioni kama zamani. Wanasema hazitaoza mpaka wajukuu wa mtoto wangu wawe wazee. Wewe unatafuta mahali pa kuzitupa. Mahali hapapo, dada. Ukizitoa kwako zinakuja kwangu, na huku kuna watu.

Nakuomba jambo. Hamia kwenye vitambaa, kama watu wa zamani. Nimenunua jora la pamba laini, nimelikata vipande thelathini, wifi yako amevipiga pindo. Navituma kwa basi pamoja na suruali mbili za plastiki za kuvalia juu na mabeseni mawili yenye mfuniko. Baba ataelewa. Hakuna mtu anayejua kitambaa kuliko Baba. Najua mzigo utakuangukia wewe na si mimi, na naona aibu kukuomba. Lakini naomba.

Mdogo wako,
Kibonge

*

Jumapili, 10 Machi

Kibonge,

Marahaba. Mzigo ulifika, na habari ya Bi Chupa imenikaa. Pole sana. Ungeniambia mapema.

Tulianza Jumamosi ya wiki iliyopita. Nilimpa Baba kitambaa kimoja akishike. Alikisugua kati ya vidole vya mkono mzima, akakinusa, akavuta uzi mmoja wa pembeni. "Pamba kweli," akasema. "Nani kapiga pindo?" Nikamwambia mkwe wako. "Ana mkono."

Halafu nikamweleza kwa nini. Nilimsomea sehemu ya Bi Chupa. Akaniuliza, "Sasa atafua nani?" Nikasema mimi, Baba, nani mwingine. Akageukia ukutani.

Lakini usihuzunike, sikiliza na mengine. Kesho yake nilikuwa nyuma na beseni, nikamsikia ananguruma huko ndani. Nikaenda mbio. Alikuwa ananigombeza. "Maji ya baridi kwanza. Ya moto yanapika doa. Nimekulea bure?" Tangu augue sijamsikia akisema maneno mengi kiasi hicho. Sasa ndiye msimamizi. Anasikia ninavyosugua, anajua nimekosea wapi. "Hiyo hujaisuuza." Na kweli sijaisuuza.

Ni vitambaa kumi na viwili kwa siku. Maji ya bomba yanatoka Jumanne na Ijumaa, na pipa letu ni lile lile moja. Nafua alfajiri kabla ya kwenda shule na nikirudi mchana. Mikono imepasuka, sabuni inaniingia kwenye nyufa. Maji ya kufulia nayamwaga mtaroni, na mtaro unapita kwenye bustani ya mchicha ya watu wa chini. Hawajasema kitu. Mimi najua kilichomo.

Lakini sichomi tena, mbwa hawaji, korongoni siendi. Nikiwa shuleni Mama Cherehani analeta cherehani yake chumbani kwa Baba, anashona huku akimwangalia, anampa uji na maji. Anasema wanapiga soga. Sijui wanapigaje, Baba mwenyewe maneno yake ya kuokoteza.

Na huyo mtoto wenu je, mnamvika nini?

Dada yako

*

Ijumaa, 22 Machi

Dada,

Shikamoo. Hujui ulivyonifurahisha. Nimemwona Baba kabisa, ananguruma kitandani. Nimeisoma sehemu ile ya "nimekulea bure" kwa sauti kibandani, madereva wawili wakacheka mpaka mmoja akasahau kuteremka kwenye mizani.

Mikono paka mafuta ya mgando, vaa soksi kuukuu juu yake ukilala. Nakutumia glavu. Kuhusu mchicha, jaribu kuchimba kishimo uweke changarawe, maji yachujike kidogo. Najua si dawa kamili.

Upande wa magharibi wameuwekea utepe mwekundu. Malori sasa yanamwaga mashariki. Huo ndio mpango wote.

Usichoke, dada. Vitambaa kumi na viwili kwa siku ni nepi nne zisizopanda huku. Nikizipigia hesabu za mwaka napata nguvu.

Mdogo wako,
Kibonge

*

Jumapili, 28 Aprili

Kibonge,

Samahani nimenyamaza. Mvua imetushika. Wiki tatu jua hatulijui, hakuna kinachokauka. Nimefunga kamba jikoni, nimefunga sebuleni, ukiingia nyumbani kwetu unainama kama unapita kwenye migomba. Visipokauka vinanuka, na kikinuka Baba anajua kabla yangu. Nimeitoa pasi yake ya mkaa ya enzi za udobi, ndiyo ninayokaushia. Gunia la mkaa linakwisha kwa siku tisa. Juzi nilikaa natazama moshi wa mkaa unavyotoka dirishani, nikajiuliza tumeacha moshi upi tukachukua upi. Usinijibu hilo.

Ila kuna nafuu. Vitambaa vimepungua. Kutoka kumi na viwili vikashuka tisa, kisha saba, wiki hii ni vitano. Mwili wake umezoea, nadhani. Pia halalamiki. Jioni nikimpa maji anasema amekunywa sana mchana, muulize fundi. Nikimuuliza Mama Cherehani anasema ndiyo, amekunywa. Uji pia anasema ameshiba. Analala sana, na analala kwa utulivu.

Nafurahi, sikufichi. Vitano naviweza. Jana nimekaa kizingitini nusu saa nzima bila kushika kitu.

Swali langu la mtoto hukunijibu.

Dada yako

*

Jumatatu, 6 Mei

Dada,

Shikamoo. Vitano! Nilijua utaweza, nilijua na Baba ataweza. Barua yako nimemwonyesha afisa mazingira wa manispaa, mama mmoja anayejua kusikiliza watu. Ameisoma mara mbili. Anasema watu wote wanamwambia haiwezekani kwa mgonjwa wa kiharusi, na hapa kuna mtu ameweza katika nyumba isiyo na maji ya kila siku. Anaomba uandike ukurasa mmoja, kwa maneno yako, jinsi ulivyopunguza. Watauchapa wagawe zahanati. Andika kama unavyoniandikia mimi, usiweke maneno ya ofisini.

Mwambie Baba kwamba anajulikana huku. Mwambie tunamwita Bwana Afya.

Nina haraka, malori yamepanga mstari mpaka barabarani.

Mdogo wako,
Kibonge

*

Jumamosi, 11 Mei, hospitali

Kibonge,

Nitakupigia nikimaliza kuandika. Naandika kwanza ili nikishika simu maneno yawe yamepangika.

Vitambaa vilishuka vikawa vitatu, halafu viwili. Alhamisi kilikuwa kimoja, na kilikuwa na rangi ya chai kavu. Midomo yake imepasuka. Alikuwa ananiita kwa jina la Mama, ananiuliza kama mashuka ya hoteli yamekauka. Nikamwita muuguzi wa zahanati. Akamfinya ngozi ya mkono kwa vidole viwili akaiachia, ikabaki imesimama. Akaniuliza, "Mzee anakunywa maji kiasi gani?" Nikasema kama kawaida. Akanitazama.

Hapa wamemtundikia dripu. Daktari anasema figo. Ameniuliza swali lile lile, nikampa jibu lile lile.

Wamemvalisha nepi ya kutupa. Amelala nayo tangu asubuhi na ni kavu.

Njoo.

Dada yako

*

Jumapili, 2 Juni

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuondoka bila kuaga. Basi lilikuwa la saa kumi na mbili asubuhi na wewe ulikuwa umelala kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Sikutaka kukuamsha.

Nimefika salama, nimerudi kazini. Wifi anakusalimu, anakulilia.

Dada, Baba alikuwa mtu mzima. Alikuwa anaumwa mwaka wa tatu. Figo za wazee huchoka zenyewe, daktari aliniambia mimi mwenyewe pale koridoni. Hukukosea kitu chochote. Nataka ujue hivyo. Ulimtunza kuliko watoto wote ninaowajua wanavyotunza wazazi wao. Siku yake ilikuwa imefika. Hakuna ambacho wewe ungefanya tofauti.

Kula. Usikae peke yako. Vitambaa vigawe, au vichome, usivitunze.

Kibonge

*

Ijumaa, 14 Juni

Kibonge,

Marahaba. Umeniambia mara tatu katika barua moja kwamba sikukosea. Mimi sikukuuliza.

Barua yako ya Mei, ya afisa mazingira, niliikuta chini ya mlango siku tuliyorudi makaburini. Niliisoma wewe ukiwa nje na wanaume. Sikukwambia. Kwa hiyo usidhani wewe peke yako ndiye unayejua kunyamaza.

Siku ya tatu ya msiba nilikwenda nyuma kuchukua kuni, nikakuona na Mama Cherehani mmesimama karibu na pipa. Alikuwa analia, na hakikuwa kilio cha msiba, namjua. Wewe ulishika ukingo wa pipa kwa mikono miwili. Tangu saa ile hukunitazama usoni. Na yeye tangu siku ile hajavuka kizingiti changu. Cherehani yake naisikia ukutani, ninapotoka inanyamaza.

Alikwambia nini?

Usiniandikie kwamba ni figo.

Dada yako

*

Jumanne, 25 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne.

Nilimuapia Mama Cherehani kwamba sitakuambia, na nilijiapia mimi mwenyewe. Lakini hata kwenye barua umenishika. Basi nakuandikia kama alivyonieleza.

Ilikuwa mwanzo, wiki ya pili ya vitambaa. Ulipokwenda shule alimpa kikombe cha maji. Baba akamwambia, "Mwaga." Akadhani hajasikia vizuri. Baba akasema tena, "Mwaga, mama. Na uji mwaga nusu." Akamuuliza kwa nini. Ilimchukua muda kulisema, kwa mdomo ule. Alisema, "Nimefua vya watu maisha yangu yote ili mwanangu asifue. Sasa anafua vyangu. Umeiona mikono yake?"

Fundi alimwambia, "Mzee, utakufa." Baba akamwambia, "Nitapunguza tu. Kidogo. Mpaka mvua iishe." Akamlisha yamini kwamba hatakuambia. Alimwambia ukijua utarudi kwenye nepi, na huko kuna yule mama aliyefunikwa, na kijana wake ameshaomba. Ndivyo alivyosema, dada. Kijana wangu ameshaomba.

Fundi alimwaga maji dirishani kila siku kwa wiki tisa. Anasema kila siku alidhani kesho atakataa kumwaga. Wewe ukirudi unamuuliza amekunywa, anasema ndiyo, akirudi kwake anashindwa kushona.

Kwa hiyo uelewe kwa nini sikuweza kukutazama. Hukuwa wewe. Nilikuwa mimi. Nilituma jora la pamba nikamuua nalo baba yangu, huku madereva wakicheka.

Na umeniuliza mara mbili mtoto wetu tunamvika nini. Tunamvika nepi za kutupa. Tangu alipozaliwa. Tunakaa ghorofa ya tatu, hatuna kamba, na wifi yako anaingia kazini saa moja. Alipokuwa akipiga pindo vitambaa vya Baba, mtoto alikuwa miguuni pake amevaa nepi, na hakuna kati yetu aliyesema neno. Nilijiambia nitabadilisha akitembea. Anatembea.

Leo nimefanya kitu ambacho sikupaswa kukifanya. Nimechukua kitabu cha mizani. Nepi nne zilizolowa ni kama kilo mbili. Zile wiki kumi tulizomvalisha vitambaa, mimi na wewe tuliiokoa dunia kilo mia moja na arobaini. Lori la kwanza asubuhi hii lilikuwa na tani nane. Kabla ya mchana yalipanda malori thelathini na moja. Zingetupwa zote kwa pamoja, zisingejaza hata pembe ya lori moja, na nisingeziona kwenye mizani. Haisomi vitu vidogo hivyo. Haikumsoma hata Bi Chupa.

Na bado nikitoka nje naziona nilizochimba. Sijui ningekwambia nini tofauti. Hilo ndilo linalonitesa. Nikirudi Februari, na barua yako mkononi, bado sijui.

Utepe mwekundu wa magharibi umeanguka. Wameanza kumwaga huko tena.

Sikuombi unisamehe.

Kibonge

*

Jumatatu, 8 Julai

Kibonge,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara moja na sitaisoma tena.

Nimekwenda kwa Mama Cherehani. Nilikaa kwenye kigoda chake mpaka akamaliza kupindua suruali ya mtu. Alinipa chai. Nikanywa. Hatutarudi kuwa kama tulivyokuwa, lakini chai nimekunywa.

Mtoto mvalisheni nepi. Wifi asiongezewe kazi kwa ajili yetu. Zikiishia kwenye mlima huo, ziishie. Mimi sina tena maneno ya kumwambia mtu yeyote afue au atupe. Yule afisa wako mwambie ukurasa wake hautakuja.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili nitaliandika mara moja tu.

Wewe unajitwika mzigo wote kana kwamba ndani ya nyumba hii hapakuwa na mtu mwenye macho. Unasema hukutaka nijue. Kibonge, nilijua. Si tangu mwanzo, na sikuwa najua ya dirishani. Lakini kuna siku moja nilijua.

Nilikuandikia kwamba vitambaa vimekuwa vitano na kwamba ninafurahi. Barua ile niliiandika Jumapili. Hii ni habari ya Jumamosi, siku moja kabla.

Shule ilikuwa imefungwa na Mama Cherehani alikwenda kumpelekea mteja nguo. Tulikuwa wawili tu. Bomba halikutoka Ijumaa, mvua ilikuwa manyunyu tu, pipa lilibaki na maji ya kina cha kiganja. Nilikuwa nimefua tangu alfajiri, vitambaa vyote vimetundikwa, kimoja kinadondosha maji kwenye jiko. Nikamchotea Baba kikombe, nikambeba kichwa kwa mkono wangu wa kushoto kama kawaida.

Akafumba mdomo.

Nikamwambia, "Kunywa, Baba." Akasema, "Nimetosheka." Nikamwambia, "Hujanywa tangu asubuhi, niko na wewe hapa hapa." Alitazama kikombe, akatazama mkono ulioshika kikombe, ule wa kulia, uliopasuka zaidi. Aliutazama muda mrefu. Halafu akaniangalia mimi, akasema, "Pumzika, mwanangu."

Hapo nilielewa. Sikuhitaji fundi wala daktari. Mtu aliyelelewa na mtu huyo angeelewa. Nilielewa kwa nini ni vitano, na kwa nini wiki ile kabla yake vilikuwa saba.

Ningeweza kumbana. Ningeweza kulia mbele yake, angekunywa, hakuwahi kuweza kuniona nikilia. Ningeweza kwenda dukani nikarudi na pakiti ya nepi, ni hatua mia mbili. Nilisimama pale na kikombe, mgongo unaniuma, na kitu kilichokuja kichwani mwangu kilikuwa kitambaa kimoja. Kwamba akikataa, kesho ni kitambaa kimoja pungufu.

Yale maji niliyanywa mimi. Sikutoka hata chumbani. Niliyanywa nimesimama kando ya kitanda chake, yote, na yeye ananitazama, na ule upande wa uso wake unaoweza kutabasamu ukatabasamu. Yalikuwa baridi na yalikuwa matamu. Nilikuwa na kiu sana.

Dada yako